Keria Iliyokunywa Dizeli: Kisa cha Pikapu Moja na Upepo Wake

Gari na kazi yake

Pikapu inayozungumziwa hapa ni ya milango minne, injini ya dizeli ya lita 2.5 yenye turbo, gia tano za mkono. Inabeba mafundi wawili na vifaa vyao, kilo mia mbili hadi mia tatu, kutoka karakana hadi eneo la kazi lililo kilomita 240, kisha inarudi. Njia karibu yote ni lami, ila kuna mlima mmoja mrefu na kipande cha vumbi mwishoni. Mimi niliitwa kushauri. Majina, namba na aina ya gari nimeviacha nje.

Lalamiko la mwenye gari lilikuwa fupi: gari linabugia. Daftari lake la mwezi uliopita lilionyesha wastani wa lita 12.1 kwa kila kilomita 100, wakati lilipokuwa jipya lilikuwa likienda na tisa na ushee. Filta ya dizeli na ya hewa zilishabadilishwa. Nozeli zilishapimwa, zikaonekana nzima. Fundi aliyenitangulia alitaka kushusha pampu ya dizeli ya injini, na mwenye gari alinipigia simu kwa sababu hiyo tu: hakutaka pampu iguswe kabla mtu wa pili hajatazama.

Sikufungua boneti. Nililizunguka gari mara mbili. Juu ya paa palikuwa na keria ya mabomba ya mraba, na mbele yake taa ndefu ya LED imesimama wima kama ubao. Mbele ya bampa, ngao nene ya chuma. Springi zilikuwa zimeinuliwa sentimita tano. Tairi zilikuwa 265/75 R16, kubwa kidogo kuliko 265/70 R16 zilizokuja na gari. Vitu hivi vilifungwa kimoja kimoja ndani ya miaka miwili, kila kimoja na sababu yake: keria kwa ajili ya ngazi, ngao kwa ajili ya wanyama wanaokatiza barabara jioni, tairi kwa ajili ya vumbi. Hakuna aliyewahi kuvijumlisha.

Halafu kulikuwa na desturi ya dereva: bodi likiwa tupu, anashusha mlango wa nyuma "ili upepo upite."

Kwa nini nilianzia nje

Injini iliyochoka huonyesha dalili. Moshi mweusi, kuwaka kwa shida asubuhi, kukosa nguvu mlimani. Hili halikuwa na hata moja. Gari linalovuta vizuri lakini linakula sana mara nyingi linafanya kazi kubwa kuliko mwenyewe anavyodhani, na kwenye lami ya mwendo mrefu kazi hiyo ni kusukuma hewa.

Nguvu ya hewa inayolirudisha gari nyuma huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne, na uwezo unaodaiwa kwa injini kuishinda unakuwa mara nane. Kitu kingine kinachoipandisha ni ukubwa wa uso wa gari unaokabili hewa, na umbo lake. Umbo hupimwa kwa namba moja ya ukinzani wa hewa: magari madogo ya kisasa yako kama 0.25 hadi 0.30, pikapu nyingi ziko karibu na 0.40, nazo zina uso mkubwa zaidi. Vitu vya kuongeza vinazidisha vyote viwili, uso na umbo.

Nililikadiria gari hili hivi: kwa kilomita 110 kwa saa, na mizigo yake yote ya paani na mbele, hewa inalishika kwa nguvu ya takriban nyutoni 900. Tairi kwenye lami zinadai kama 300. Yaani robo tatu ya jasho la injini inakwenda kwenye upepo. Kwa kilomita 60, viwili hivyo vinakaribia kulingana. Ndiyo maana mtu wa mjini anaweza kufunga keria asione kitu, na mtu wa barabara ndefu akafilisika nayo.

Daftari lililodanganya

Kabla ya kugusa chochote nilitaka namba ninayoweza kuiamini, na hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Kwanza tairi. Kipenyo cha 265/75 R16 kinazidi cha 265/70 R16 kwa asilimia 3.4. Tairi likiwa kubwa, linazunguka mara chache kwa umbali uleule, na dashibodi inahesabu mizunguko, haioni barabara. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 480 ilikuwa inaandikwa 464. Kwa hiyo ukigawa lita za kweli kwa kilomita pungufu, gari linaonekana mlafi kuliko lilivyo. Ile 12.1 ya daftari ilikuwa 11.7. Karibu nusu lita ya lalamiko haikuwahi kuchomwa na injini yoyote. Tangu siku hiyo kila kilomita za dashibodi zilizidishwa kwa 1.034, na mwendo tukaufuata kwa GPS ya simu.

Pili upepo wa tairi. Mbili za mbele zilikuwa na 26 psi, wakati kibandiko cha mlangoni kilitaka 32. Nikazijaza zote na kuagiza zipimwe kila Jumatatu asubuhi zikiwa baridi. Hii ingeweza kuhesabiwa kama ushindi, lakini sikutaka ichanganyike na mambo ya hewa. Unarekebisha kwanza, ndipo unaanza kupima.

Tatu, povu. Dizeli ikimiminwa kwa kasi inatoa povu, na bomba la kujazia linakata (linajifunga lenyewe) kwa sababu ya povu, si kwa sababu tenki limejaa. Dereva alikuwa akiondoka kwenye mkato wa kwanza. Siku moja nilisimama naye: bomba likakata, tukangoja kama dakika tatu, tukafungua polepole tena, likaingia lita 2.1 nyingine. Kwa safari inayotumia lita hamsini na kitu, hiyo ni asilimia nne inayozunguka hewani, leo inaingia hesabu hii, kesho ile. Tukakubaliana: pampu ileile ya kituo cha mafuta, gari limesimama palepale, mkato wa kwanza, dakika tatu, kisha polepole hadi mkato wa pili.

Safari tatu za msingi zikatoka 10.9, 11.5 na 11.2. Hiyo 11.5 ilikuwa siku ya upepo mkali wa mbele wakati wa kurudi. Wastani ni 11.2, lakini namba iliyonifaa zaidi ni ule mtawanyiko wa 0.3 juu na chini: jambo lolote lisilozidi hapo, kwa safari moja moja, nisingeweza kulitofautisha na hali ya hewa.

Keria

Mwenye gari hakuamini kwamba mabomba machache yanaweza kuwa na uzito kwenye mafuta. "Fundi, hiyo keria tupu upepo si unapita katikati?" Swali ni la haki. Jibu ni kwamba hewa ikishapanda kioo cha mbele inaharakishwa, inapita juu ya paa kwa kasi inayozidi mwendo wa gari lenyewe, na hapo hapo ndipo keria ilipo. Bomba la mraba halina umbo la kuipisha hewa. Nyuma ya kila bomba inabaki mikia ya misukosuko, na ile taa ya LED ilikuwa ukuta mtupu.

Tuliitoa keria na taa kwa pamoja. Safari mbili: 10.4 na 10.6. Kisha nikafanya jambo lililomkera kila mtu, nikairudisha. Safari mbili nyingine: 11.1 na 11.3. Tukaitoa tena: 10.5. Kama kushuka kwa kwanza kungetokana na hali ya hewa nzuri, namba isingepanda na kushuka sambamba na keria. Hapo mwenye gari alinyamaza, na tangu siku hiyo hakubishana tena na daftari.

Dereva alikuwa na kipimo chake. Alisema sasa anaisikia redio.

Mlango wa nyuma

Hili lilikuwa na hisia nyingi kuliko faida, lakini nalieleza kwa sababu kila pikapu ina dereva mwenye imani hii.

Nilikata nyuzi za sufu nyekundu, urefu wa kidole, nikazibandika kwa seloteipu juu ya sakafu ya bodi, kuta zake, na ukingo wa juu wa mlango. Gari la pili likatufuata kandokando kwenye kipande kilichonyooka, mtu wa kiti cha abiria akipiga video. Mlango ukiwa umefungwa, kwa kilomita 80 kwa saa, nyuzi za sakafuni zililala zikielekea mbele, kwenye kibini. Siyo nyuma. Dereva alipoonyeshwa video alidhani ameishika simu kinyume.

Kinachotokea ni kwamba hewa inayoteremka kutoka paani haiingii bodini na kugonga mlango. Ndani ya bodi linajitengeneza gurudumu la hewa, linazunguka taratibu palepale, na hewa kubwa inateleza juu yake kama juu ya mto, hadi nyuma ya mlango. Ukishusha mlango unalivunja hilo gurudumu, na hewa inaporomokea bodini ovyo. Kwa mlango chini, nyuzi zilikuwa zinapepea kila upande bila mpangilio. Kwenye mafuta sikuona tofauti ninayoweza kuiapia, 10.7 dhidi ya 10.5, iko ndani ya mtawanyiko. Lakini kama hakuna faida, hakuna sababu ya kuendesha na mlango ulioanguka nyuma ukificha taa. Desturi ikaisha.

Baadaye tulifunika bodi kwa turubai lililokazwa barabara. Nitalitaja kwenye matokeo. Halihitaji sehemu yake.

Mwendo

Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hapa ndipo penye lita nyingi, na nilipaacha makusudi hadi watu waone kwamba daftari halina upande. Ukimwambia dereva wa miaka ishirini apunguze mwendo siku ya kwanza, amesikia tusi.

Kutoka 110 hadi 95, nguvu ya hewa inashuka kwa robo. Dereva alikuwa na hoja moja, na ilikuwa nzuri: "Bosi analipa mafuta, mimi ninalipa usingizi." Tukapiga hesabu pamoja kwenye boneti. Kati ya kilomita 240, kipande ambacho gari kweli linaweza kushika 110 ni kama 160. Kwingine ni mlima, vumbi na malori. Kilomita 160 kwa 110 ni dakika 87. Kwa 95 ni dakika 101. Tofauti ni dakika kumi na nne, si saa nzima kama alivyohofia. Mwenye gari akakubali kazi ianze robo saa baadaye, bila kumkata mtu. Bila makubaliano hayo, nadhani namba zisingedumu wiki moja.

Safari tatu kwa 95: 9.3, 9.0, 9.2. Wastani 9.2. Hiyo ni lita 1.3 zaidi chini ya 10.5, bila spana.

Kosa langu: grili

Baada ya hapo tulichangamka kupita kiasi. Magari mengi ya sasa yana vifuniko vinavyojifunga mbele ya rejeta kwa mwendo mkubwa, kwa sababu hewa inayoingia kwenye chumba cha injini inagonga kila kitu humo na kutoka chini kwa vurugu. Wazo ni sahihi. Nikakata karatasi nene ya plastiki nyeusi, nikafunika theluthi mbili za grili kwa klipu za plastiki, na siku hiyohiyo nikafunga ukanda wa mpira chini ya bampa kuzuia hewa isiingie uvunguni.

Makosa mawili kwa mpigo. Nilibadilisha vitu viwili pamoja, nikajinyima uwezo wa kujua kipi kimefanya nini. Na sikuweka kifaa cha kusoma joto kutoka kwenye kompyuta ya gari. Niliutegemea mshale wa dashibodi. Mshale huo kwenye magari mengi umetengenezwa usimame katikati kwa joto la upana mkubwa, ili usimtishe dereva. Ukianza kupanda, mambo yameshaendelea.

Tambarare ilikuwa shwari. Mlimani, gari likiwa na mzigo na AC imewashwa, simu ikalia. "Fundi, feni inanguruma kama helikopta, na AC inapuliza joto." Mshale ulikuwa umeshapita katikati. Nikamwambia azime AC, atafute mahali pa kusimama salama, aache injini ikiunguruma polepole, akate klipu na kuitoa plastiki, na asiguse kabisa kifuniko cha rejeta. Mshale ulirudi. Bahati ilikuwa upande wetu.

Safari hiyo ilitoka 9.7, mbaya kuliko bila plastiki. Sababu inaeleweka. Feni ya injini hii inashikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni: hewa ya rejeta ikiwa moto, klachi inashika, na feni inaanza kuchukua nguvu ya injini, kilowati kadhaa. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nayo ilikosa hewa, kwa hiyo turbo ilikuwa inalisha injini hewa ya moto. Tulipunguza ukinzani wa nje tukaulipa ndani. Ule ukanda wa mpira, kwa upande wake, ulibaki kwenye tuta la kwanza la njia ya vumbi, umechanika kutoka skrubu tatu kati ya tano. Pikapu imeinuliwa mbele ili ipite mahali kama hapo. Mimi nilikuwa nimeirudisha chini kwa mpira.

Vyote viwili vikatolewa.

Tulivyoviacha

Ngao ilibaki. Inapoteza mafuta, sina shaka, lakini dereva ameshagonga mnyama mara moja jioni akafika nyumbani, na huo si ubishi ninaoutaka. Springi zilibaki pia. Kuzishusha kungefanya tairi kubwa ziguse madigadi. Kufunika uvungu mzima sikukubali hata kujadili. Bomba la moshi linapita huko, na sahani inayokusanya mafuta yanayovuja karibu na chuma cha moto ni ajali inayosubiri siku yake.

Matokeo

Kwa turubai juu ya bodi, safari nne zilitoa wastani wa 9.1. Bila turubai ni 9.2. Huenda turubai linasaidia, huenda ni upepo wa wiki hiyo. Limebaki kwa sababu linazuia vumbi kuingia kwenye vifaa.

Kutoka 11.2 hadi 9.1 ni karibu asilimia 19. Kwa safari ya kilomita 480, ni kutoka lita 53.8 hadi 43.7. Kati ya lita hizo kumi, zaidi ya sita zilitoka kwenye mwendo, tatu na nusu hivi kwenye keria na taa, na nusu lita kwenye turubai kama kweli ni yake. Kila kitu tulichokiongeza ili kushindana na hewa kilishindwa au hakikuonekana. Kilicholipa ni kutoa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi si keria, ni kuirudisha keria. Watu wengi hutoa kitu, wanapima mara moja, wanafurahi. Kwa gari ambalo namba zake zinacheza 0.3 kila upande, kipimo kimoja kinaweza kukupa jibu lolote unalolitaka. Kutoa, kurudisha na kutoa tena kulitugharimu siku kumi na moja na manung'uniko mengi, lakini ndiko kulikoigeuza rai kuwa hoja.

Mpangilio wa hatua nao una utata wake. Keria ilionekana kuokoa lita 0.7 kwa sababu tuliipima kwa 110. Tungeshusha mwendo kwanza, keria ileile ingeonekana kuokoa kama nusu lita, na mwendo ungeonekana kuokoa zaidi. Akiba za hewa hazijumlishwi kama chenji; kila moja inapunguza sehemu iliyobaki kwa nyingine. Anayeuziwa kifaa cha asilimia tano na kingine cha asilimia saba asitarajie kumi na mbili, hasa kama vipimo vya muuzaji vilifanyika kwa mwendo ambao yeye haendi.

Nilichokosea kwenye grili kina mzizi mmoja na povu la dizeli: kukiamini chombo bila kujua kinapima nini. Daftari nililihoji kwa wiki mbili. Mshale wa joto sikuuhoji hata dakika moja, kwa kuwa hatua za awali zilikuwa zimeenda vizuri.

Na kuhusu mwendo, sitasema tumeshinda. GPS ya Ijumaa inaonyesha 105 njia ya kurudi, mara kwa mara. Dereva anajua kwamba ninaona, nami sijamwambia kitu. Daftari la Ijumaa linajisemea, na mwenyewe ndiye analijaza.

Hali ilivyo sasa

Keria inaning'inia ukutani kwenye karakana. Nati za kawaida zilibadilishwa kwa zile zenye masikio, watu wawili wanaifunga kwa dakika kama kumi na mbili, na inapanda paani siku za ngazi tu. Taa ya LED haikurudi. Tairi zikiisha, mwenye gari amekubali kurudi kwenye 265/70, na siku hiyo ile 1.034 iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari itapigwa mstari.